Nani Anawalisha Samaki wa Mzee Mizani?

Kila asubuhi, kabla hajagusa chai, Mzee Mizani aliwapa samaki wake chakula. Alifungua kopo dogo jekundu. Alichota kidogo kwa ncha za vidole viwili. Chakula chenyewe kilikuwa vipande vyembamba na vyepesi, kama maganda makavu ya kitunguu yaliyovunjwavunjwa. Alikinyunyiza juu ya maji, akavuta kiti, akakaa kuwatazama wakila.

Jina la Mizani alilipata kazini. Kwa miaka mingi alikuwa karani kwenye mizani ya malori, pale barabara kuu inapoingia mjini. Lori lilipanda, yeye akasoma uzito, akasema lipite au lirudi. Madereva walibembeleza. Wengine walinuna, wengine walitukana. Yeye hakuyumba. Sasa alikuwa amestaafu na magoti yalikuwa yamekaza, lakini jina lilibaki.

Aliishi kwa mwanawe, fundi wa friji. Mwanawe ndiye aliyeleta tangi lile la kioo. Mteja wake mmoja alikuwa anahama, akamwambia, "Fundi, chukua na hawa samaki. Walishwe kidogo asubuhi, basi." Fundi akalibeba tangi hadi nyumbani, na samaki sita wa rangi ya dhahabu wakiwa kwenye ndoo. Akaliweka sebuleni, juu ya meza imara, karibu na kiti cha baba yake.

"Baba, hawa ni wako," alisema. "Usikae unatazama ukuta."

Basi Mzee Mizani akawa na kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa samaki. Ya pili ilikuwa kumchukua mjukuu wake shuleni kila mchana. Mjukuu huyo walimwita Kasuku, kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Walirudi nyumbani polepole, babu akichechemea, mjukuu akirukaruka, na njia nzima babu alipata habari zote za darasa: nani kalia, nani kaadhibiwa, nani kang'oka jino.

Mambo yalikuwa shwari, hadi siku moja alipofungua kopo akasita.

Chakula kilikuwa kimeshuka sana. Mtu aliyepima mizigo maisha yake yote hadanganyiki na kopo. Kwa matumizi yake ya vidole viwili, lilipaswa kuwa limejaa kupita nusu. Sasa chakula kilifunika sehemu ya chini tu. Alilitikisa. Aliinama akatazama chini ya meza, labda kimemwagika. Sakafu ilikuwa safi.

"Labda sikutazama vizuri," alijiambia.

Lakini chai ilipoa mkononi mwake.

Siku zilizofuata alilichunguza kopo lile kama alivyokuwa akichunguza malori. Kila asubuhi lilikuwa limepungua kuliko alivyoliacha. Je, alikuwa anawalisha mara mbili na kusahau? Alijaribu kukumbuka. Jana asubuhi aliwalisha, hilo alilikumbuka. Na jioni je? Jioni alisikiliza redio, akasinzia. Alipozinduka aliona samaki wamejazana kwenye kioo wakimtazama. Je, aliinuka akawapa? Hakukumbuka kuinuka. Lakini mtu aliyesahau atakumbukaje kwamba amesahau? Swali hilo lilimganda kichwani.

Kisha maji yakaanza kubadilika. Zamani yalikuwa angavu. Sasa yaliingia ukungu, kama maji ya kwanza ya kuoshea mchele. Yalikuwa pia na harufu kidogo. Asubuhi moja Kasuku aliwahi sebuleni kabla ya wote.

"Babu, mmoja kalala ubavu."

Yule samaki hakuwa amelala. Alikuwa amekufa. Kasuku alilia mpaka akashikwa na kwikwi. Walimzika kwenye chungu cha maua, pale mlangoni.

"Baba, umekuwa ukiwapa chakula?" mkwewe aliuliza.

Aliuliza kwa upole. Mama Kasuku alikuwa mpishi katika bweni la shule ya wasichana, mwanamke mwenye mikono mikubwa na huruma kubwa zaidi.

"Nawapa kila asubuhi," alijibu Mzee.

"Kila asubuhi?"

"Kila asubuhi," alisema, na papo hapo akajiona hana hakika.

Haukupita muda, samaki wa pili akafa. Wanne waliobaki walianza tabia mpya. Walipanda juu kabisa ya maji, wakawa wanafungua na kufunga midomo, kana kwamba wanakunywa hewa. Walifanya hivyo mchana kutwa.

"Maskini wa Mungu," alisema Mama Kasuku. "Hiyo njaa, Baba. Mimi nalisha bweni zima, njaa naijua nikiiona."

"Yule mteja alisema kidogo."

"Kidogo gani? Hebu watazame."

Mzee aliwatazama. Walionekana kweli wanaomba. Huenda hakuwapa leo. Huenda hakuwapa hata jana. Lakini kama alisahau kuwapa, kwa nini kopo linapungua? Na kama aliwapa mara mbili, kwa nini wana njaa? Akili yake ilizunguka pale pale, kama feni ya dari. Mwishowe akachota tena, akawapa. Samaki wakala kidogo, kingine kikazama.

Kilichomtisha zaidi ni habari ya kaka yake. Kaka yake, ambaye sasa ni marehemu, alianza hivi hivi. Kwanza alikuwa anapoteza miwani. Kisha akaweka viatu kwenye friji. Mwisho akamuuliza mke wake wa miaka yote, "Samahani mama, wewe ni mgeni wa nani?" Mzee Mizani alikuwepo siku hiyo. Hakuwahi kuusahau uso wa shemeji yake.

Kopo lilipoisha, mwanawe alileta jipya. Mzee akalichukua kimya kimya, akalificha kabatini chini ya sweta. Kila asubuhi alilitoa, akawalisha samaki, akalirudisha. Sasa kopo liliacha kushuka ovyo. Mzee akapumua. Akasema moyoni, basi, tatizo limekwisha.

Halikwisha. Maji yalizidi ukungu. Mchana mmoja jua liliingia dirishani na kumulika changarawe za chini ya tangi. Mzee aliinama, akavaa miwani, akaona punje ya wali. Imevimba, nyeupe. Pembeni yake kulikuwa na nyingine. Na kule kwenye kona, kitu laini kilichoota ukungu kama pamba.

Alikaa kitini. Jana jioni walikula wali. Yeye alikula hapa hapa, sahani mapajani.

"Kasuku," aliita polepole. "Jana wakati wa kula, uliniona nikisimama?"

"Ulisimama, Babu."

"Nikaenda wapi?"

"Kunawa mikono."

"Halafu?"

"Sijui. Nilikuwa naangalia katuni."

Mzee alijiona akisimama na sahani yake, akitembea hadi kwenye tangi, akimwaga wali majini. Hakulikumbuka jambo hilo, lakini kadiri alivyolifikiria ndivyo lilivyoonekana kweli. Hata mkono wake aliuona.

Tangu siku hiyo akaanza kujibu maswali kwa namna nyingine. Mkwewe akimuuliza, "Baba, umewalisha?" alisema, "Huenda." Akiulizwa, "Umekunywa dawa ya magoti?" alisema, "Nadhani."

Jioni moja alikuwa anakwenda kuchota maji ya kunywa. Kabla hajafika jikoni alisikia sauti ya mwanawe.

"Mzee anaanza kusahau. Leo nimekuta kopo la samaki chini ya sweta lake. Mtu anafichaje chakula cha samaki?"

"Hata mimi nimeona," mkewe alijibu. "Namuuliza kitu, anasema 'huenda'. Baba yako na 'huenda' wapi na wapi?"

"Nafikiria habari ya kumchukua mtoto shuleni. Ile barabara ina magari."

Mzee alirudi chumbani bila maji.

Kesho yake mwanawe alikuja kukaa karibu naye. Alizungusha funguo kidoleni kwa muda.

"Baba, kuanzia Jumatatu Kasuku atarudi na mama wa jirani. Ili upumzishe magoti."

"Magoti yangu yamekuja kukulalamikia?"

"Hapana, Baba."

"Basi sema unachotaka kusema."

Mwanawe alitazama zulia. "Tunaogopa tu, Baba."

Mzee Mizani angeweza kubishana. Alijua kubishana na madereva wa malori, sembuse mtoto wake mwenyewe. Lakini na yeye alikuwa anaogopa. Akaitikia kwa kichwa, mambo yakaishia hapo.

Jumamosi alikwenda kunyoa ndevu. Kinyozi wake alikuwa mwanamke, mtaa mzima ulimwita Dada Mkasi. Chumba chake cha kazi kilikuwa pale kona, chenye viti viwili vya kunyolea na benchi la kusubiria. Ukutani, mkabala na benchi, kulikuwa na tangi la samaki. Dada Mkasi alifuga samaki kwa miaka mingi, ili wateja wasichoke kusubiri. Maji yake yalikuwa angavu hivi kwamba Mzee aliweza kusoma kalenda iliyotundikwa upande wa pili.

Kijana mmoja aliyekuwa akisubiri alivunja biskuti, akanyoosha mkono juu ya tangi.

"Kaka, hapana," alisema Dada Mkasi bila kugeuka.

"Lakini wananiomba."

"Wanamwomba kila mtu. Wamemwomba hata fundi aliyekuja kutengeneza taa. Samaki hajui kusema nimeshiba. Akikuona, anakuja. Kula wewe biskuti yako."

Kijana akacheka, akaila. Mzee Mizani hakucheka. Alikuwa amekaa wima, povu kidevuni.

"Binti," alisema, "samaki wakipanda juu, wakawa wanafungua midomo nje ya maji, si njaa?"

Wembe ulisimama. "Wanakaa juu mchana kutwa?"

"Mchana kutwa."

"Maji yameingia ukungu?"

"Yameingia."

"Yananuka?"

"Kidogo."

"Hiyo si njaa, mzee wangu. Wanatafuta pumzi. Chakula kikizidi kinazama, kinaoza. Kikioza kinakula hewa iliyomo majini, tena kinatoa sumu. Samaki wanakimbilia juu, kwa sababu hewa kidogo iliyobaki iko huko."

"Na mtu akiwaongezea chakula?"

"Anawamaliza."

Mzee alifumba macho. Dada Mkasi alidhani sabuni imeingia jichoni, akachukua taulo. Lakini Mzee alikuwa anaanza kusimulia. Alisimulia habari ya kopo. Alisimulia punje za wali na mkono wake aliouona ukizimwaga. Alisimulia habari ya kaka yake na shemeji yake. Sauti yake ilikuwa ndogo, na wale wa kwenye benchi, kwa adabu, walijitia kutazama samaki.

"Kwenu nani mwingine anawalisha?" Dada Mkasi aliuliza.

"Hakuna. Ni mimi tu."

"Umewauliza?"

Mzee hakuwa amemuuliza mtu swali hilo. Tangu mwanzo alikuwa amejiuliza yeye mwenyewe tu.

"Nikifunga kazi nitapita," alisema Dada Mkasi. "Ngoja nimalizie shavu hili."

Alasiri alifika, amebeba mpira mrefu mwembamba, ndoo ya maji na beseni jeupe. Wote walikuwa nyumbani. Alimwamkia Mzee, akamsalimu Mama Kasuku, akaenda moja kwa moja kwenye tangi. Alinusa. Alitazama pampu ndogo ya hewa, akaona inafanya kazi. Kisha akaomba chujio.

"La chai au la unga?" Mama Kasuku aliuliza, naye haelewi kitu.

"La unga. Lile ambalo hulipendi sana."

Aliujaza mpira maji, akaingiza ncha moja ndani ya tangi na kushusha nyingine kwenye ndoo tupu ya Mama Kasuku iliyokuwa sakafuni. Maji yakaanza kutiririka yenyewe. Aliupitisha mpira juu ya changarawe taratibu, kona hadi kona. Maji yaliyotoka yalikuwa ya kahawia, na harufu yake ilimfanya Kasuku abane pua. Alipokuwa ametoa kama robo ya maji, akabana mpira. Akachuja yale ya kwenye ndoo, akamimina uchafu uliobaki kwenye beseni jeupe.

Wakainama wote kutazama. Vipande laini vya chakula cha kopo vilikuwa tele. Lakini kulikuwa na mengine. Punje za wali. Mabonge ya mkate. Makombo ya biskuti. Na karanga moja nzima, imevimba kama kidole gumba cha mtoto.

"Naomba nielezwe," alisema Dada Mkasi. "Huu wali ni wa nani?"

Mzee Mizani alishika mikono ya kiti. Alitaka kusema, ni wangu.

"Ni wangu," alisema Mama Kasuku.

Wote wakamgeukia. Alikuwa ameshika pindo la khanga yake.

"Jioni nikiondoa vyombo, napita hapa. Wananitazama. Mimi siwezi kupita mbele ya mdomo uliofunguka nikaenda zangu. Nawatupia punje mbili tatu. Na mchana nikirudi kutoka kazini nilikuwa nawapa cha kopo, kabla Baba hajalificha. Nilidhani hawajala."

"Na mkate?"

"Wangu," alisema Kasuku. "Na biskuti. Lakini biskuti nampa yule mdogo tu, maana wakubwa wanamwonea."

"Karanga?"

Fundi wa friji alijikuna kisogo. "Karanga iliniponyoka. Ila cha kopo ndiyo, nilikuwa nawapa kila jioni nikirudi. Nilidhani mzee amesahau."

"Na mimi nilidhani wewe huwagusi," mkewe alimwambia.

"Na mimi nilidhani wewe uko jikoni."

Walitazamana. Kasuku akaanza kucheka, akaona hakuna anayecheka, akaacha. Mzee Mizani ndiye aliyesema, tena polepole, kama mtu anayesoma uzito kwa mara ya pili.

"Kwa hiyo kopo lilikuwa linapungua kweli."

"Lilikuwa linapungua kweli, mzee wangu," alisema Dada Mkasi.

"Na mimi niliona sawasawa."

"Uliona sawasawa."

Mzee alivua miwani yake. Akaifuta kwa shati, upande huu na upande ule, kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Mwanawe alichutama karibu na kiti, akaweka mkono juu ya goti la baba yake. Alitafuta maneno, akapata machache.

"Baba, tulikosea. Hatukukuuliza."

"Hata mimi sikuwauliza," alisema Mzee. "Nilijiuliza peke yangu, nikajijibu vibaya."

Baada ya hapo Dada Mkasi akawafundisha, naye aliongea akifanya kazi.

"Tazameni jicho la samaki huyu. Tumbo lake halizidi sana jicho hilo. Sasa pimeni wenyewe, wali na mkate na biskuti vingekaa wapi?"

"Kwa hiyo nimpe kiasi gani?" Mzee aliuliza.

"Kile ulichokuwa unawapa ndicho. Vidole viwili. Nyunyiza kidogo, watazame. Wanachokimaliza kabla hujamaliza kufunga kamba za viatu, kinatosha. Kikianza kuzama, umezidisha, kitoe kwa kijiko cha wavu. Asubuhi mara moja. Ukipenda gawanya, kidogo asubuhi na kidogo jioni, lakini jumla iwe ile ile."

"Na mkate hata chembe?" aliuliza Mama Kasuku.

"Hata chembe. Mkate na wali vinamvimbisha tumbo na kuharibu maji. Ukitaka kumpikia, wewe mpishi, chemsha punje ya njegere, imenye ganda, ikate vipande vidogo. Mara moja moja, badala ya chakula chake. Si juu ya chakula chake."

"Na leo wale nini?"

"Leo hawali. Kesho pia hawali. Maji yapumue."

Mama Kasuku alishika kifua. "Siku mbili bila kula?"

"Samaki mzima hafi kwa siku mbili za njaa. Lakini shibe mbaya imeshawaua wawili."

Akawaeleza na habari ya maji. Wasiyamwage yote kwa mpigo, maana mabadiliko ya ghafla yanawadhuru samaki. Watoe robo tu na kuongeza mengine, warudie tena baada ya siku chache hadi yatakate. Maji ya bomba ya kwao yalikuwa na dawa ya kuulia vijidudu, kwa hiyo wayakingie kwenye ndoo na kuyaacha wazi siku nzima kabla ya kuyamimina. Sponji ya kichujio cha ndani ya tangi waisuuze ndani ya yale maji yaliyotolewa kwenye tangi, si chini ya bomba. Siku ile Dada Mkasi alikuwa amekuja na ndoo ya maji yake mwenyewe yaliyolala, akayamimina taratibu kwa kikombe.

"Na la mwisho ndilo kubwa," alisema. "Mlishaji awe mmoja. Wanne wakipenda samaki kila mtu kwa siri yake, samaki hawaponi."

Wote walimtazama Mzee. Mzee alifikiri.

"Na siku moja nikisahau kweli? Mimi si kijana. Lazima pawe na alama."

Mama Kasuku alitoka nje, akarudi na kibanio cha nguo. Akakibana kwenye ukingo wa tangi, upande wa dirisha.

"Baba ukishawalisha, kisogeze upande wa mlango. Atakayepita atakiona. Jioni Kasuku atakirudisha dirishani, kiwe tayari kwa kesho."

"Hata mimi nitakiona," alisema Mzee, akatabasamu kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi.

Jumatatu mchana mama wa jirani alijiandaa kwenda shuleni. Alipofika akamkuta Mzee Mizani ameshatangulia kwenye geti la shule, amevaa viatu, shati limechomekwa. Mwanawe alikuwa amempigia simu akiwa kazini. Alimwambia, "Baba, mtoto anatoka saa ile ile." Hakuongeza kitu, na Mzee hakuhitaji aongeze.

Siku za mwanzo zilikuwa ngumu, hasa kwa Mama Kasuku. Alikuwa akipita sebuleni akitazama upande mwingine. Mara moja Kasuku alimfuma amesimama mbele ya tangi akiongea na samaki kwa sauti ya chini, akiwaomba msamaha kwamba ameambiwa asiwape. Lakini ukungu ulianza kupungua. Samaki wakashuka kutoka juu, wakaanza kuogelea katikati na chini, wakipekua changarawe. Harufu ikaisha. Wote wanne walibaki hai, na yule mdogo aliyekuwa akionewa akaanza kujaza mwili bila biskuti hata moja.

Kisha ikaja harusi ya binamu, mji wa mbali. Familia nzima ilitakiwa kwenda na kulala huko. Mabegi yalikuwa mlangoni, Mama Kasuku akasimama.

"Tuwaachie hata kidogo cha akiba."

"Akiba inaoza," alisema Mzee. "Nimemuuliza Dada Mkasi. Amesema tuwaache hivyo hivyo. Zingekuwa siku nyingi angekuja kuwalisha. Kwa hizi chache, tufunge mlango twende."

Njia nzima Mama Kasuku alikuwa na wasiwasi. Harusini, sahani ya pilau ilipowekwa mbele yake, aliitazama kwanza, akauliza, "Sijui wale wanafanya nini saa hizi." Mumewe akamwambia wanaogelea, kwani wangefanya nini kingine.

Waliporudi, Mzee aliingia wa kwanza. Maji yalikuwa angavu. Samaki wanne waliposikia hatua walikuja kwenye kioo kwa pamoja, midomo ikicheza. Kasuku akawahesabu mara mbili. Mzee alinawa mikono, akafungua kopo, akachota kwa ncha za vidole viwili. Kilikwisha mara moja. Akafunga kopo, akasogeza kibanio upande wa mlango.

"Babu, bado wanaomba," alisema Kasuku.

"Naona."

Mama Kasuku alikuwa anapita kwenda jikoni, kipande cha mkate wa safari mkononi. Alifika kwenye tangi, akasimama. Samaki wote wanne wakamgeukia. Mkono wake uliinuka kidogo. Mzee Mizani alimtazama kutoka kitini.

Mama Kasuku akashusha pumzi. Akakitia kile kipande kinywani mwake mwenyewe, akaenda zake jikoni akitafuna.